Kupanga, Kupima, Kurekebisha: Utafiti wa Huduma za Afya Kuanzia Kisegi

Utafiti wa utekelezaji una swali moja kubwa: huduma iliyokwisha kuthibitishwa kuwa inafanya kazi itamfikiaje mtu anayeihitaji, pale anapoishi, kwa watumishi, bajeti na barabara zilizopo? Utafiti wa kitabibu huuliza kama dawa inatibu. Utafiti wa utekelezaji huuliza kwa nini dawa hiyo hiyo imejaa kwenye stoo ya zahanati huku mgonjwa hajaonekana tangu mwezi juzi. Makadirio yanayotajwa sana katika taaluma hii, yaliyochapishwa na Balas na Boren mwaka 2000, yanasema kwamba ni asilimia 14 tu ya matokeo ya utafiti yanayogeuka kuwa huduma ya kila siku, na safari hiyo huchukua wastani wa miaka 17.

Sehemu ya ucheleweshaji huo imo ndani ya utafiti wenyewe. Mpango unaandikwa, unapelekwa kwa kamati ya maadili, unatafutiwa fedha, unaanza, kisha kwa miaka mitatu au mitano hakuna kinachoguswa hadi hesabu ya mwisho. Siku matokeo yanaposomwa, mwongozo wa matibabu umeshabadilika, dawa mpya imeingia nchini na waziri ni mwingine. Kero hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti wa afya kuazima kanuni za ajaili, mbinu ya kazi iliyoanzia kwa watengenezaji wa programu za kompyuta.

Tamko la ajaili liliandikwa Februari 2001 na wataalamu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani. Walichoka na miradi iliyopangwa kwa miaka miwili na kumfikia mteja akiwa na mahitaji mengine kabisa. Tamko lao lina misingi 4 na kanuni 12, na kiini chake ni rahisi kueleza. Kazi igawanywe katika vipande vidogo vinavyokamilika baada ya wiki chache. Kila kipande kimfikie mtumiaji na kijaribiwe naye. Anachosema mtumiaji kibadilishe kipande kinachofuata. Watendaji na wenye mahitaji wazungumze mara kwa mara. Na mpango, hata ukiwa mzuri vipi, usizuie mabadiliko yanayohitajika.

Katika sekta ya afya wazo hilo lilikuta ndugu yake mkubwa. Tangu karne iliyopita hospitali zimekuwa zikitumia mzunguko wa panga, tenda, chunguza, rekebisha, unaohusishwa na Walter Shewhart na W. Edwards Deming. Ajaili imeongeza mkazo juu ya muda mfupi na juu ya sauti ya mtumiaji. Mmoja wa walioandika kuhusu utekelezaji wa namna hii ni Malaz Boustani wa Chuo Kikuu cha Indiana, chuo chenye ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kupitia mpango wa AMPATH.

Ugumu unaanza hapo. Mtengenezaji wa programu akibadilisha kitufe Jumatatu, hasara yake ni ndogo, na Jumanne anaweza kukirudisha. Mtafiti akibadilisha huduma katikati ya utafiti, anaweza kupoteza uwezo wa kusema ni kitu gani kilicholeta matokeo. Kwa hiyo suala kubwa la kuingiza ajaili katika utafiti wa afya ni kutenganisha mapema mambo mawili: yale yatakayoruhusiwa kubadilika, na yale yatakayobaki palepale hadi mwisho. Eneo la Ziwa Victoria upande wa Kenya, hasa kaunti za Homa Bay na Migori, limetoa mifano ya suala hilo inayofaa kuchunguzwa kwa makini.

Sababu ya eneo hilo kuwa na utafiti mwingi inajulikana. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya wanaishi na virusi vya UKIMWI. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, na Migori asilimia 13. Hakuna mahali nchini ambapo pengo kati ya dawa iliyopo na mtu asiyeipata lina gharama kubwa zaidi.

Mfano wa kwanza ni wa kasi. Februari 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kisumu kwa vijana 2,784, yaliyoonyesha kwamba tohara ya wanaume inapunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu. Novemba 2008, chini ya miaka miwili baadaye, mpango wa kitaifa ulizinduliwa katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo, kwa jamii ambayo kwa desturi haikutahiri. Wazee wa Kijaluo walishirikishwa, wauguzi na matabibu waliruhusiwa kufanya upasuaji huo badala ya kuwasubiri madaktari, na kambi za muda zikapelekwa vijijini. Mwishoni mwa 2009 serikali ilitumia utaratibu ambao watumishi wa umma nchini Kenya wanauita RRI, yaani kujiwekea lengo la muda mfupi na kupima maendeleo yake mara kwa mara. Katika siku 30 za kazi, wanaume wapatao 36,000 walitahiriwa. Watumishi hao hawakuhitaji kusoma tamko la Utah ili kufanya kazi kwa awamu fupi; utumishi wa umma ulikuwa na utaratibu wake tayari. Walichopata ni idadi ya kutosha na kumbukumbu za usalama na gharama, ambazo ziliwasaidia kurekebisha awamu zilizofuata.

Mfano wa pili ndio unaoihusu Kisegi, katika eneo la Suba, kaunti ya Homa Bay. Kisegi ilikuwa mojawapo ya jamii 32 za utafiti wa SEARCH, 12 zikiwa magharibi mwa Kenya na 20 zikiwa Uganda. Kila jamii ilikuwa na wakazi wapatao 10,000. Utafiti uliendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere, shirika la utafiti wa magonjwa ya kuambukiza la Uganda na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Ulianza mwaka 2013 na ulitaka kujua kama kuwapima watu wote na kumpa dawa kila anayekutwa na virusi kutapunguza maambukizi mapya katika jamii nzima.

Kazi ya uwanjani ilianza kwa sensa ya nyumba kwa nyumba. Kisha kikafuata kitu kilichofanana na soko la afya: mahema yaliyosimamishwa kwa wiki mbili mahali ambapo watu hukusanyika. Aliyefika alisajiliwa kwa alama ya kidole, akapimwa presha, sukari, malaria na virusi vya UKIMWI, na mwenye tatizo akaelekezwa kliniki. Mpangilio huo ulikuwa na faida isiyoonekana kwenye fomu. Anayepanga foleni ya presha na anayepanga foleni ya virusi ni mtu yule yule, kwa hiyo jirani hawezi kukisia nani amefuata nini. Waliokosa kufika katika wiki hizo mbili walifuatwa nyumbani. Katika jamii zote 32, watu wazima 131,307 kati ya wakazi wa kudumu 146,906 walipimwa, sawa na asilimia 89. Kati yao, wanne kwa kila watano walipimwa kwenye kambi, na mmoja nyumbani.

Hesabu hiyo ni funzo la ajaili ingawa haikuandikwa chini ya jina hilo. Mbinu ya kwanza ilijaribiwa, orodha ya sensa ikaonyesha ni nani hasa aliyekosekana, na mbinu ya pili ikaelekezwa kwa hao tu. Bila orodha ya majina, kambi ingetangazwa kuwa imefanikiwa kwa sababu foleni zilikuwa ndefu, na mmoja katika kila watano wa waliopimwa asingefikiwa kamwe. Waliokuwa wagumu kupatikana walikuwa wanaume, watu wasio na wenza na wale wanaohamahama. Mwambao wa ziwa una wengi wa aina hiyo. Mvuvi wa omena hutoka usiku wa giza akiwa na taa za kuwavutia samaki, hulala mchana, na huhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine akifuata samaki. Tarehe ya kliniki iliyopangwa ofisini kwa kalenda ya miezi inamkuta ama usingizini ama kaunti nyingine.

Kliniki nazo zilipangwa upya katika jamii zilizopewa huduma ya majaribio. Mgonjwa alianzishiwa dawa bila mzunguko wa ziara za maandalizi, alipewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, wauguzi walisimamia wagonjwa waliotulia, na kulikuwa na namba ya simu ya kumpata mhudumu. Kilichobaki bila kuguswa ni vipimo vya mwisho: maambukizi mapya, idadi ya watu ambao virusi vyao vimedhibitiwa, na vifo.

Halafu mambo yakabadilika nje ya utafiti. Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, na mwaka 2016 Kenya ilichukua msimamo huo. Jamii za ulinganisho, ambazo zilikuwa zikipewa huduma ya kawaida ya nchi, zikaanza kupata dawa zile zile. Kimaadili hilo halikuwa na mjadala. Kitakwimu, lilipunguza tofauti iliyokuwa inatafutwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika miaka 3, asilimia 0.77 ya watu waliambukizwa katika jamii za huduma ya majaribio na asilimia 0.81 katika jamii za ulinganisho. Kwa swali kuu la utafiti, hapakuwa na tofauti.

Lakini vipimo vingine vilivyopangwa tangu mwanzo vilikuwa na la kusema. Watu wenye virusi ambao virusi vyao vilidhibitiwa walifika asilimia 79 upande wa majaribio na 68 upande wa pili. Vifo vya wenye virusi vilikuwa pungufu kwa asilimia 23. Ndani ya jamii za majaribio, maambukizi ya mwaka wa tatu yalikuwa pungufu kwa asilimia 32 yakilinganishwa na ya mwaka wa kwanza. Udhibiti wa presha ulikuwa bora pia. Kama utafiti ungekuwa na kipimo kimoja tu, mabadiliko ya mwongozo yangeuacha mikono mitupu. Kwa sababu vipimo vilikuwa kadhaa na viliandikwa kabla, ulibaki na majibu yanayoaminika hata baada ya mazingira yake kubadilika.

Utafiti huo uliendelea kwa awamu, na kila awamu ilichukua swali lililoachwa na iliyotangulia. Kupima na kutibu kulisaidia lakini hakukutosha, kwa hiyo kuanzia mwaka 2016 jamii zilizokuwa upande wa majaribio zilianza kupewa PrEP, vidonge vinavyomezwa na asiye na virusi ili asiambukizwe. Mtu aliweza kuanza siku ile ile, na kufuatiliwa nyumbani, kliniki au mahali pengine alipopendelea. Wengi walianza, na wengi pia waliacha, kwa kuwa kidonge cha kila siku ni mzigo kwa mtu asiyeumwa. Awamu iliyofuata ikageuza tatizo hilo kuwa muundo wa huduma: mtu achague bidhaa, achague mahali pa kuhudumiwa, achague namna ya kupimwa, na awe huru kubadili uchaguzi huo maisha yake yanapobadilika. Baadaye sindano ya cabotegravir, inayochomwa mara moja kwa miezi miwili, iliongezwa kwenye orodha ya machaguo. Matokeo ya mwaka 2024 kutoka vijijini Kenya na Uganda yalionyesha kwamba waliopewa uhuru huo walikuwa na kinga kwa takriban asilimia 70 ya muda wa ufuatiliaji, ilhali waliopewa huduma ya kawaida walikuwa nayo kwa asilimia 13. Upande wa machaguo hakuna aliyeambukizwa katika kipindi hicho.

Kilichobadilika hapo ni sura ya huduma: kidonge au sindano, nyumba au kliniki. Kilichoshikiliwa ni kazi ya huduma, yaani kumweka mtu chini ya kinga wakati yuko hatarini. Mtafiti Penelope Hawe na wenzake walipendekeza mgawanyo wa namna hiyo mwaka 2004, wakisema kwamba katika huduma zenye sehemu nyingi kinachopaswa kuwa kimoja kila mahali ni kazi ya kila sehemu, na sura yake inaweza kufuata mazingira. Kwa programu ya afya ya Migori au Homa Bay, kanuni hiyo ina maana ya vitendo. Kumkumbusha mgonjwa tarehe yake ni kazi. Ujumbe wa simu, mhudumu wa kijiji au tangazo la ufukweni ni sura tu.

Kuna pia njia ya kuingiza mabadiliko ndani ya utafiti wenyewe bila kuuvuruga. Utafiti wa ADAPT-R, uliofanyika Nyanza kwa wagonjwa 1,809 wenye virusi vya UKIMWI na kutangazwa mwaka 2023, uligawa watu kwa bahati nasibu mara mbili. Mwanzoni kila mmoja alipewa ama elimu ya kawaida, ama ujumbe wa simu, ama vocha ndogo ya nauli kwa aliyefika kwa wakati. Aliyekosa miadi aligawanywa tena katika hatua nzito zaidi, mojawapo ikiwa msaada wa mtu wa kumwongoza kurudi kliniki. Ujumbe na vocha vilipunguza idadi ya waliokosa miadi. Ubunifu wa utafiti huo ni kwamba kanuni ya kubadilisha iliandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa: likitokea hili, fanya lile. Mabadiliko yenyewe yakawa sehemu ya kinachopimwa.

Tahadhari za kutumia ajaili katika utafiti hazipungui umuhimu. Ya kwanza ni ya hesabu. Utafiti wa kawaida hukubali uwezekano wa asilimia 5 wa kuona tofauti ambayo haipo. Mtafiti akichungulia takwimu mara 5 njiani, kila mara akitumia kipimo hicho hicho, uwezekano huo hupanda hadi takriban asilimia 14. Kwa hiyo data za kuongoza kazi ya wiki, kama idadi ya waliofika na sababu za waliokosa, zinaweza kuangaliwa kila mara. Tofauti kati ya makundi kwenye kipimo kikuu inafaa kuachwa hadi muda uliopangwa, au isimamiwe na kamati huru.

Ya pili ni ya maadili. Nchini Kenya, kubadilisha utaratibu wa utafiti uliokwisha kuidhinishwa kunahitaji idhini mpya ya kamati ya maadili, isipokuwa pale hatua ya haraka inapohitajika kumwepusha mshiriki na madhara. Idhini hiyo ikisubiriwa kwa kila rekebisho dogo, mzunguko wa wiki mbili unakuwa wa miezi mitatu. Njia inayofaa ni kuomba idhini mara moja kwa wigo mzima: kutaja tangu mwanzo njia zote za ukumbusho, sehemu zote za kutolea huduma na maneno yatakayoweza kutumika, ili timu ichague ndani ya wigo huo bila kurudi mezani.

Ya tatu ni kumbukumbu. Kila badiliko linahitaji tarehe, sababu, aliyeamua na sehemu iliyoguswa. Daftari moja lenye safu hizo 4 linatosha kwa zahanati. Bila daftari hilo, baada ya mwaka mmoja hakuna atakayejua kwa nini mahudhurio yalipanda mwezi wa sita, na kituo jirani hakitaweza kurudia kilichofanyika.

Ya nne inahusu watu wanaobeba kazi. Mizunguko mifupi huleta fomu mpya, na fomu mpya humwangukia muuguzi yule yule au mhudumu wa afya ya jamii yule yule. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kundi la wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliopewa vifaa na simu za kuingizia taarifa za kaya. Kwa utafiti wa utekelezaji hiyo ni fursa kubwa, kwa kuwa taarifa ya mlangoni inaweza kufika kwenye meza ya kaunti siku hiyo hiyo. Fursa hiyo inapotea iwapo taarifa zinapanda tu na hazishuki. Mhudumu anayetuma takwimu kila wiki na haambiwi zimebadilisha nini huanza kujaza fomu ili zionekane zimejaa.

Ya tano ni madaraka. Kanuni ya ajaili kwamba mtumiaji asikilizwe ina maana iwapo anayesikilizwa anaweza kubadilisha uamuzi. Kikao cha jamii kinachoitishwa baada ya mpango kufungwa, watu wakanywa soda na kupiga makofi, hakitimizi kanuni hiyo. Kamati ya ufukwe ikisema kliniki ya jioni inafaa zaidi kwa wavuvi, na muuguzi akasema hana mwenzake wa kubaki naye jioni, wote wawili ni watumiaji wa huduma hiyo kwa namna yao, na mzunguko unaofuata unatakiwa kuwajibu wote wawili.

Mbinu hii haifai kila mahali. Dawa mpya ambayo usalama wake haujathibitishwa inahitaji utafiti wa kawaida wenye masharti yasiyogeuzwa. Vipimo vya dozi, usafi wa upasuaji na usiri wa mgonjwa havijaribiwi kwa vipande. Ajaili inafaa pale ambapo ufanisi wa tiba unajulikana na kinachotafutwa ni njia ya kuifikisha. Inafaa hasa pale mazingira yanapoyumba, kama ilivyoonekana Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 na vituo vya Kenya vikalazimika kufikiria upya namna ya kuwahudumia wenye virusi pamoja na wagonjwa wengine.

Kwa programu ya kaunti inayotaka kuanza, mahitaji si makubwa. Lichaguliwe tatizo moja lenye namba, kwa mfano wagonjwa wanaokosa miadi ya pili. Vipimo viwili au vitatu vya mwisho viandikwe na visiguswe. Wigo wa mabadiliko uidhinishwe mapema. Timu ya muuguzi, mhudumu wa jamii, karani wa takwimu na mwakilishi wa wagonjwa ikutane kila baada ya wiki mbili, ibadilishe jambo moja kwa wakati na iliandike. Baada ya mizunguko kadhaa, kilichofanya kazi kipelekwe kwenye vituo vingine vilivyogawanywa kwa bahati nasibu, ili ijulikane kama mafanikio yalitokana na mbinu yenyewe au na bidii ya kituo kimoja.